Naombeni ushauri: nataka kabati la nguo zinazofanana na mimi

Habari zenu wapendwa. Nina miaka 31, naishi Dar es Salaam, kazi yangu ni ya ofisini. Kabati limejaa, ila nyingi ni sare za harusi na send-off za watu, pamoja na magauni ya kubana ambayo kila mtu alikuwa anavaa. Nikiyavaa sijisikii mimi.

Ninachopenda nakijua: nguo za pamba zilizolegea, mikono mirefu, rangi ya udongo na bluu iliyokolea. Na khanga, hasa khanga! Kwetu Tanga nimekua nikiwaona bibi na shangazi wakisoma jina kwanza, yaani yale maneno yaliyoandikwa kwenye khanga, ndipo waangalie maua. Natamani nizishone ziwe mashati na sketi za kuvaa kazini, lakini jina liko chini ya mji (ile sehemu ya katikati ya khanga), na fundi akikata ovyo maneno yanapotea kwenye mshono. Kuna aliyewahi kushonewa jina likabaki linasomeka? Khanga ni nyepesi, mmeweka bitana gani isiyoleta joto?

Mashati ya kitani nitatafuta mitumba Karume, hilo halinisumbui.

Zile sare za vitenge je? Mama anasema nisizigawe, zina kumbukumbu za watu. Namwelewa kabisa. Mnaonaje nikizifumua nipate sketi, au kitambaa kilichokatwa kwa gauni la kubana hakitoshi? Mafundi mliopo humu, naombeni mnisaidie kabla sijapeleka mkasi.