Mrejesho: kosa la FileNotFoundException limeisha

Asanteni wakuu kwa msaada kwenye swali langu la programu ya Java inayosoma faili la alama.txt. Kompaila (inayotafsiri msimbo kabla programu haijaendeshwa) ilikuwa inagomea new Scanner(new File("alama.txt")), yaani sehemu inayofungua faili, na kudai "unreported exception" (kosa linaloweza kutokea ambalo halijashughulikiwa). Inagoma hata faili likiwepo, maana inataka uamue mapema: ulidake kosa kwa try na catch, au utangaze kwa throws kwamba linaweza kutokea.

Nimeandika try (Scanner s = new Scanner(new File("alama.txt"))), kisha catch (FileNotFoundException e), na import java.io.FileNotFoundException juu. Kwa kuwa imo kwenye mabano ya try, Scanner inajifunga yenyewe.

Ila msiache catch tupu! Yangu ilikuwa tupu, programu ikaisha kimya bila kusoma kitu. Nilipochapisha ndani yake new File("alama.txt").getAbsolutePath(), nikaona Java inatafuta kwenye folda ya mradi, wakati faili lilikuwa ndani ya src, folda ndogo ya msimbo. Nimelihamisha, sasa linasomeka.