Naomba ushauri: nyongo ikivuja baada ya upasuaji wa kutoa kifuko cha nyongo, rufaa itoke lini?

Wakuu, hasa mlio Kisumu, Kakamega na Eldoret, naomba mawazo.

Kinga ya kutokata mrija usio wake tunaijua: safisha mafuta na tishu za nyuzinyuzi kwenye pembetatu kati ya kifuko na ini, bandua theluthi ya chini ya kifuko kutoka kwenye ini, usifunge klipu mpaka uone vitu viwili tu vinavyoingia kwenye kifuko. Shingo ya kifuko ikivutwa juu badala ya pembeni, mrija mkuu wa nyongo hunyooka nao, ukadhaniwa ni ule mdogo wa kifuko unaopaswa kukatwa. Pakigandamana, kata kifuko nusu uache shingo, si aibu.

Sasa swali. Siku ya 3 tumbo limejaa, homa 38.5, ultrasaundi inaonyesha majimaji chini ya ini. Bomba la kutoa nyongo likishawekwa na antibiotiki kuanza, mgonjwa asafirishwe usiku uleule au homa ishuke kwanza? Na pasipo na MRI, mnatofautishaje kisiki cha mrija mdogo kinachovuja, ambacho stenti (kijibomba cha kupitisha nyongo) kwa endoskopi hutosha, na mrija mkuu uliokatika, unaotaka kuunganishwa na utumbo? Bilirubini (rangi ya nyongo kwenye damu) ikipanda, mimi hushuku huo wa pili. Habari ya kushona palepale bila uzoefu sitaki kuisikia.