Watoto wa Bibi, Kikwajuni: Zuwena na Rehema wako Bangkok

*Jumatano, saa 4:06 asubuhi*

Zuwena: Asalam alaikum. Shikamooni nyote. Shangazi Mwana, uko hewani? Rehema hayuko sawa.

Shangazi Mwana: Waalaikum salaam. Marahaba, nipo. Ana nini?

Zuwena: Kichwa kinampasua. Ametapika mara moja. Anasema anasikia baridi, na huku saa nane mchana, jua la kubabua. Simu inasema nyuzi 37.

Mama: Ya Rabbi. Zuwena mko wapi?

Shangazi Mwana: Wifi subiri kidogo, niachie. Zuwena, anatoka jasho?

Zuwena: Anatoka, la baridi. Mikono imelowa.

Shangazi Mwana: Muulize leo siku gani, na mamake anaitwa nani.

Zuwena: Kasema Jumatano. Mamake Bi Asha. Na kasema Bi Asha asiambiwe.

Shangazi Mwana: Alhamdulillahi. Akili yake ipo. Sasa nisikilize, ufanye mara moja. Mvue begi. Mlegezee mtandio na vifungo vya shingoni. Mko kivulini?

Zuwena: Tuko chini ya mkwaju. Huu uwanja wa Sanam Luang, karibu na Kasri ya Kifalme, katikati ni wazi kabisa ila ukingoni pote wamepanda mikwaju.

Shangazi Mwana: Mlaze hapohapo, miguu juu ya begi. Kanga unayo?

Zuwena: Ninayo, ile ya Bibi.

Shangazi Mwana: Ilowe maji yote uliyonayo. Mfunike shingo na kwapa, halafu mpepee kwa chochote, hata ramani. Kupepea ndiko kunakopoza. Tafuta ORS, ile dawa ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini. Anywe funda dogo dogo, asigugumie, atatapika tena. Na akianza kuropoka, au ngozi ikawa kavu na moto, usiniulize mimi. Piga 1669, ndiyo namba ya gari la wagonjwa Thailand.

Zuwena: Nimeiandika. Kuna mama muuza maji hapa ameniona, kaleta barafu kwenye mfuko wa nailoni. Kakataa pesa.

Bibi: (ujumbe wa sauti, sekunde 41)

Mama: Bibi anasoma dua, Zuwena. Mwekee Rehema asikilize.

*saa 4:38 asubuhi*

Kaka Suleiman: Vipi? Mbona kimya?

Mama: Zuwena mwanangu jibu.

*saa 4:51 asubuhi*

Zuwena: Nipo, nipo. Samahanini. Nilikwenda 7-Eleven kuchukua ORS, yule mama muuza maji akakaa naye. Haya maduka huku yako kila kona, ndani baridi kama chumba cha samaki. Tumemwingiza humo, kakaa chini karibu na friji, wafanyakazi wamemwachia. Amekunywa nusu chupa na haijarudi. Rangi inarejea usoni.

Shangazi Mwana: Hapo sawa. Akae nusu saa nzima. Leo hatembei tena, hata akisema amepona. Na nataka kujua akienda haja ndogo, na rangi yake. Ikiwa kama chai, bado maji hayatoshi.

Mama: Mimi navaa baibui nakwenda kwa Bi Asha. Mtoto wa mwenzangu hawezi kuanguka ugenini mie nikajua na yeye asijue. Nitamwambia kwa utaratibu, na kwamba amekaa, anakunywa.

Zuwena: Mama, Rehema kasema sawa. Kasema mwambie anampenda.

*saa 11:20 jioni*

Zuwena: Tuko hosteli, karibu na barabara ya Khao San. Rehema amelala chini ya panka, amekula wali na supu. Haja ndogo nyeupe, Shangazi.

Shangazi Mwana: Mashallah. Sasa nieleze. Wasichana wawili wa Unguja, mmezaliwa juani, imekuwaje?

Zuwena: Makosa yalianza na mabegi. Tumefika asubuhi kutoka uwanja wa ndege, hosteli wakatuambia chumba mpaka saa nane. Sisi tukatoka nayo mgongoni, kilo kumi na mbili kila mtu. Kumbe ungeomba tu, wanakuwekea stoo bila pesa. Kwenye njia ya Kasri tukakutana na bwana mmoja nadhifu, shati jeupe, anazungumza vizuri. Akatuambia Kasri leo imefungwa, kuna ibada, ila yupo dereva wa tuktuk, bajaji za huku, atatutembeza mjini kwa baht 20.

Mjomba Hamad: Duka la vito.

Zuwena: Umejuaje Mjomba?

Mjomba Hamad: Mwanangu, mimi miaka ya 90 nikifuata nguo soko la Pratunam, na wimbo ulikuwa huohuo. Kasri imefungwa, twende kwa vito, serikali leo imeondoa ushuru. Hata nauli hailingani na petroli, analipwa na duka. Kasri wanafungua saa 2:30 asubuhi, na kama kweli imefungwa utaambiwa mlangoni, si njiani.

Zuwena: Ndivyo. Tulipokataa kununua, dereva akaondoka. Tukarudi kwa miguu saa sita mchana na mabegi yetu. Rehema alikuwa anasema njiani twende tu, tunakaribia. Hapo ndipo nilipokosea mimi, nilimwona uso umekuwa mwekundu nikadhani ni joto la kawaida.

Shangazi Mwana: Usijilaumu, jifunze. Sisi joto letu lina upepo wa bahari, jasho linakauka, na likikauka ndipo mwili unapopoa. Bangkok hewa imejaa maji na majengo yamezuia upepo. Jasho linatiririka tu, halipoozi kitu. Na Aprili ndio mwezi wao wa joto kuliko yote. Zege linakunywa jua mchana kutwa, usiku linalitoa.

Zuwena: Kweli. Saa hizi huku ni saa tatu usiku na ukuta wa nje ukiugusa una moto.

Bibi: (ujumbe wa sauti, dakika 1:12)

Kaka Suleiman: Bibi anasema zamani wachukuzi wa bandarini walipakia alfajiri na alasiri, adhuhuri walilala. Anasema mfanye hivyo.

*Usiku wa Jumatano kuamkia Alhamisi, saa 2:15*

Zuwena: Huku ni saa sita na robo usiku, silali, namwangalia. Anapumua vizuri. Mama, Bi Asha alisemaje?

Mama: Alilia kidogo, kisha akaniuliza kama wewe umekula. Lala mwanangu.

*Ijumaa, saa 6:30 mchana*

Zuwena: Leo tumefuata ratiba ya Bibi. Saa kumi na mbili asubuhi tuko mtoni, tumevuka na kivuko cha Tha Tien kwa baht 5 kwenda hekalu la Wat Arun. (picha) (picha) (picha)

Mama mdogo Saada: Huo mnara umepakwa nini? Unang'aa.

Zuwena: Vigae vya sahani, Ma mdogo! Vyombo vya Kichina vimevunjwa vipande, vikapangwa maua, petali kwa petali, pamoja na kombe za baharini. Nimesogea mpaka nikaona kitako cha kikombe, na duara lake la buluu. Wanasema vyombo hivyo vilikuja vimetiwa chini ya majahazi ya Wachina kama uzito. Nikakumbuka makaburi ya Kunduchi tuliyokwenda na skuli, na zile sahani za Kichina ukutani. Chombo kimoja, bahari moja, kingine kimekwenda huku, kingine kwetu. Nilisimama pale nikashindwa kuondoka.

Zuwena: Mnara huohuo uko kwenye sarafu zao za zamani za baht 10. Nimekuwekea moja, Suleiman.

Bibi: (ujumbe wa sauti, sekunde 18)

Mama mdogo Saada: Bibi anauliza Ijumaa mmeswali wapi.

Zuwena: Bibi, hili ndilo nililotaka kukueleza. Kuna msikiti unaitwa Haroon, umejificha kwenye vichochoro vya Charoen Krung, nyuma ya nyumba ya forodha ya zamani karibu na mto. Uliza nani kauanzisha. Mfanyabiashara Mwarabu aliyetoka Indonesia, karne ya 19, ukoo wake Bafadel.

Mjomba Hamad: Bafadhili! Hao ni Wahadhrami, Waarabu wa Hadhramaut, Yemen. Hata hapa Unguja tunao.

Zuwena: Nilipomwambia bibi mmoja pale kwamba natoka Zanzibar hakuelewa, lakini nilipotaja Hadhramaut akanishika mkono. Alitupa wali na mchuzi wa nyama, akatukalisha mbele ya panka lake. Rehema kamaliza sahani.

Shangazi Mwana: Hiyo ndiyo habari niliyokuwa naisubiri.

Mjomba Hamad: Pratunam mmekwenda?

Zuwena: Jana jioni, kwa boti ya mfereji wa Saen Saep. Inakwenda kasi hatari. Pembeni kuna turubai la plastiki na kamba, wewe uliyekaa ukingoni ndiye unayevuta kamba likapanda, boti nyingine ikipita maji yasikurukie. Ukisahau, wote wanakutazama. Kondakta amevaa kofia ngumu, anatembea juu ya ubao wa nje, mwembamba kama kiganja, anakata tiketi.

Mjomba Hamad: Wallahi mmenirudisha. Nilikuwa napanda na viroba viwili vya fulana. Wakati ule treni ya juu haikuwepo, niliwaona wakisimamisha nguzo zake. Ilianza Desemba 1999, safari zangu zimekwisha. Na wenyewe hawauiti Bangkok mji wao, wanasema Krung Thep, mji wa malaika. Ukiwaambia Krung Thep wanacheka kwa furaha.

*Jumamosi, saa 4:40 asubuhi*

Rehema ameongezwa kwenye kikundi na Mama

Rehema: Asalam alaikum wazee wangu, shikamooni. Mama yangu kanipa amri nije niwashukuru mwenyewe. Shangazi Mwana, ile kanga yenye maji shingoni sitaisahau. Nilikuwa naiona miti inazunguka. Na Zuwena alinipepea mpaka mkono ukamtetemeka, hakuacha.

Shangazi Mwana: Marahaba mwanangu. Kunywa maji kabla hujasikia kiu. Na tarehe 13 inaanza Songkran, sikukuu yao ya kumwagiana maji, itakupoza, lakini ukirudi ujikaushe.

Rehema: Sawa Shangazi. Asubuhi hii tumekunywa madafu, wameyaweka kwenye barafu, yana harufu nzuri kama pandani. Na shokishoki wanauza kwa kilo, doriani nayo imejaa, ila hosteli wamebandika karatasi ya kuikataza ndani.

Mama mdogo Saada: Doriani ina haki yake ya kukatazwa ndani.

Zuwena: Mama, kaa vizuri. Kuna kitu lazima ukione. (picha)

Mama: Si vitumbua hivyo?

Zuwena: Vinaitwa khanom krok. Unga wa mchele, tui, sukari. Chuma kina matundu, kaa la moto chini, mfuniko juu. Anamimina unga kwanza, kisha tui zito linalobaki laini katikati, linatetemeka. Chini panashika, panakuwa pakavu pa kahawia. Anang'oa kwa kijiko, hageuzi kama wewe, anavifunika viwili viwili vikawa mpira. Wengine anawatilia majani ya kitunguu juu.

Mama: Kitunguu na sukari?

Zuwena: Na vinakubali, Mama. Ukiuma, tui linamwagika mdomoni. Mwenyewe kaniambia krok maana yake kinu. Nilimwonyesha picha yako na chuma chako cha Darajani, akaita jirani zake waje waone.

Mama: Hatii hamira?

Zuwena: Hatii. Wala haulazi unga.

Mama: Na mchele anasaga mwenyewe au ananunua unga?

Zuwena: Anasaga. Kaniambia nirudi kesho alfajiri, kabla ya jua, anionyeshe.

Mama: Nenda na Rehema. Bebeni maji. Na hicho chuma chake ukihesabu, kina matundu mangapi?

Rehema: Nimehesabu mimi, Mama. Ishirini na nane.