Sina magego ya mwisho hata moja. Ndiyo sababu kidevu changu kimerudi nyuma? Naombeni ushauri

MamaTuli_Mwanjelwa:
Habari za jioni wakuu. Mimi ni mwanamke wa miaka 28, nipo Mbeya mjini. Juzi nilienda kuziba jino, daktari akataka nipige ile eksirei inayozunguka kichwa na kuonyesha meno yote kwa mpigo. Akaniambia magego ya mwisho sina, juu wala chini, na siyo kwamba yamejificha ndani ya fizi. Hayakuumbika kabisa. Nina meno 28 na basi. Akaziba lililonileta, akamwita mgonjwa mwingine.

Shida imeanzia mtandaoni. Kuna video zinasema asiye na magego hayo taya lake halikukua vizuri, ndiyo maana uso unakuwa mfupi na kidevu kinarudi nyuma. Nimejitazama kwa ubavu, kweli changu kimerudi nyuma, hata shuleni walinitania. Jamaa mmoja anauza kifaa cha kuvaa usiku cha kupanua taya, laki tatu na nusu, anatuma kwa basi kutoka Dar. Hela nimeshaitoa benki. Na binti yangu wa miaka 6 ana kidevu hikihiki. Nitume nisitume?

Kabwe_Stendi:
Laki tatu na nusu! Dada, nipe mimi hiyo hela nikulishe mahindi ya kuchoma ya Uyole asubuhi na jioni, taya litapanuka lenyewe.

Mzee_wa_Kiwira:
Kabwe anatania ila kuna ukweli. Fuvu la Zinj, yule kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, aliloliokota Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959 lina magego makubwa ajabu. Wale walikuwa wanatafuna kwelikweli. Sisi tumezoea vyakula laini, taya limepungua, gego la mwisho limekosa pa kukaa likaona lisije. Ndiyo hali ya binti huyu.

Tabibu_Ilula:
Kamwene dada. Mimi ni tabibu wa meno huku Iringa. Usitume hela.

Kwanza ondoa hofu. Kukosa gego la mwisho ni jambo la kawaida mno. Duniani, zaidi ya mtu mmoja kati ya watano amekosa angalau moja, ingawa kukosa yote manne kama wewe ni nadra kuliko kukosa moja au mawili. Mara nyingi ni mambo ya kurithi. Zipo jeni zinazoongoza uumbaji wa meno, mojawapo inaitwa PAX9, na zikiwa na hitilafu meno fulani hayaanzi kabisa. Hakuna cha kutibu hapo. Wenzako wanakesha na panadol kwa gego lililolala upande.

Sasa huo uhusiano na uso. Haujatungwa na watu wa video, watafiti wamepima sana picha za kichwa za ubavuni. Baadhi wamekuta waliokosa magego haya wana taya la juu fupi kidogo na sehemu ya chini ya uso isiyo ndefu sana. Tofauti yenyewe ni milimita chache, na wengine wamepima wasione kitu. Hebu tazama hapo: kinachotajwa kuwa kifupi ni taya la JUU. Mtu wa hivyo kidevu chake huelekea kutokeza mbele. Chako kimerudi nyuma, kwa hiyo hata tukiiamini hiyo hoja yote, wewe haikuhusu. Wanaokuuzia hawajasoma wanachokinukuu.

Halafu angalia umri. Gego la mwisho hutoka kati ya miaka 17 na 25, wakati uso wa mwanamke umeshamaliza sehemu kubwa ya kukua. Jino linalokuja mwishoni hivyo haliwezi kuwa ndilo lililokuwa likusukumie kidevu. Kinachowezekana ni kwamba urithi uleule unaochora umbo la taya unagusa na idadi ya meno.

Kuhusu kifaa: mfupa wa kaakaa una mshono katikati. Kwa mtoto bado uko wazi, ndiyo maana daktari wa kupanga meno anaweza kuupanua. Kwa mtu wa miaka 28 kwa kawaida umeshashikana, na kifaa cha kuvaa na kuvua kitakuinamishia meno tu, ukimaliza meno yanalegea na kidevu kipo palepale.

Mzee wa Kiwira, shikamoo. Chakula laini kinaweza kuchangia taya kukua dogo na magego kubanana. Lakini kule Lantian, China, mwaka 1963 lilichimbwa taya la binadamu wa kale sana ambalo nalo halina magego ya mwisho, na mwenye nalo hakula chipsi mayai.

Dogo_wa_Ilomba:
Mimi niling'olewa mawili ya chini na mashavu yakaingia ndani. Hiyo nayo inakuwaje?

Tabibu_Ilula:
Wiki ngapi ulikuwa unakunywa uji tu? Ulipungua mwili. Kung'oa kunapunguza mfupa wa pale jino liliposhikilia, mashavu hayategemei gego la mwisho.

MamaTuli_Mwanjelwa:
Ndaga fijo Tabibu. Na mtoto? Nimpige eksirei nijue mapema?

Tabibu_Ilula:
Hapana, kwa miaka 6 haitaonyesha lolote kuhusu magego hayo. Huanza kuonekana kwenye picha kuanzia miaka 8 au 10, wengine mpaka 14. Cha kuangalia sasa ni gego linaloota nyuma kabisa ya meno ya utoto. Wazazi wengi hudhani nalo litang'oka, wanaliacha lioze. Hilo ni la kudumu, msugulie. Akifika miaka 8 hivi mpeleke kitengo cha meno pale Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya waangalie anavyouma, maana kidevu kinachorudi nyuma hurekebishika vizuri zaidi mtoto akiwa bado anakua. Nawe siku ukienda waulize kama kuna jino jingine ulilokosa, hasa lile dogo pembeni ya meno mawili ya mbele juu. Wanaokosa magego ya mwisho huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kukosa na mengine.

MamaTuli_Mwanjelwa:
Hayo yapo, nimehesabu. Muuzaji nimemwambia bado nafikiria, ameshuka mpaka laki na nusu.

Kabwe_Stendi:
Akifika elfu ishirini nishtue, nimvalishe jirani anayekoroma.