Neno "orange" lilipotezea wapi N yake?

Mdadisi
Wakuu, nimesoma kwamba "orange" zamani ilikuwa "norange", kisha Waingereza wakaidondosha N kwa kuchanganya "a" na "an". Wanasema "apron" nayo ni hivyo hivyo. Kuna ukweli? Na madai kama haya yanapimwaje?

Mzizi
Kwa "apron" ni kweli, kwa "orange" si kweli. Cha kupima ni hiki: je, N ilikuwapo siku neno linaingia Kiingereza?

"Apron" ilitoka Kifaransa cha kale, "naperon", kitambaa kidogo. Waingereza waliandika "napron". Mtu akitamka "a napron" haraka, msikilizaji hajui N ni ya neno lipi, na wengi wakaishia kuigawa "an apron". Ndugu yake "napkin" bado ana N. Shina lao ni Kilatini "mappa", kitambaa, ambalo pia limezaa "map".

"Orange" ina safari ndefu: Kisanskriti "naranga", Kiajemi "narang", Kiarabu "naranj". Kihispania kimeitunza N mpaka leo, "naranja". Ila Kifaransa kilikuwa kimeshaiacha kabla Waingereza hawajalikopa neno hilo katika karne ya 14. "An" ya Kiingereza ingedondosha vipi herufi ambayo haikufika? Hata ile O ya mwanzo ni ya Kifaransa. Wataalamu huihusisha na "or", yaani dhahabu.

Kalamu
Naongezea: linganisha pia na lugha ndugu. Nyoka "adder" kwa Kiingereza cha kale ni "nædre", na Kijerumani bado kinasema "Natter". Hapo ushahidi umekamilika.

Kuna na kinyume chake, N ikahama kutoka "an" kwenda kwenye neno. "An ekename", jina la nyongeza, limekuwa "a nickname". Sisi tumefanya jambo la jamii hiyo hiyo kwa "kitab" ya Kiarabu: "ki" ni sehemu ya shina, lakini tuliisikia kama kiambishi cha ngeli, tukapata "vitabu". Waarabu wenyewe wingi wao ni "kutub".

Mdadisi
Shukrani. Na "umpire"?

Mzizi
Imepita njia ya "apron". Kifaransa cha kale "nonper", asiye na wa kulingana naye, yaani mtu wa tatu anayeamua kati ya wawili. Kiingereza kiliandika "noumpere" kwanza.