Kiwanda kidogo Masasi: mnunuzi wa Ujerumani anataka ushahidi wa uendelevu

mbanguaji_msc:
Habari wakuu. Tunabangua tani 40 za korosho ghafi kwa msimu. Mnunuzi anataka ushahidi kwamba korosho yetu haiharibu mazingira. Tuanze na cheti gani?

ghala_kuu:
Mkuu, usilipie cheti chochote kabla mnunuzi hajakitaja kwa maandishi. Ile sheria ya Ulaya ya ukataji misitu inahusu ng'ombe, kakao, kahawa, mawese, mpira, soya na mbao, korosho haimo. Anayekuuzia huduma kwa kisingizio hicho mwambie akasome tena.

Kazi ipo kwenye ufuatiliaji. Gunia lililopita stakabadhi ghalani (mfumo wa kukusanya mazao ya wakulima wengi ghalani na kuyauza kwa pamoja) limeshachanganyika, na huwezi kumwonyesha mtu shamba. Ongeeni na AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) mzigo wenu ukae rundo lake: namba ya shehena, kijiji, orodha ya wakulima, tarehe ya kupokea. Namba hiyohiyo ifuate hadi kwenye boksi. Ikikatika kwenye meza ya kuchambua, ambako madaraja ya siku tatu humwagwa pamoja, kumbukumbu zote za nyuma hazina kazi.

Akitaka kilimo hai, hesabu miaka 3 ya mpito kwa mikorosho. Kikundi cha wakulima kinachopata cheti kwa pamoja kisizidi watu 2,000. Salfa ya ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho) inaruhusiwa. Dawa za maji za viwandani ndizo zinazoangusha kikundi kizima.

unyevu5:
Naongeza: mizigo mingi inakwama kwa ubora, si kwa mazingira. Kikomo cha sumukuvu Ulaya kwa korosho ya kuliwa moja kwa moja ni mikrogramu 2 kwa kilo kwa aina ya B1, na 4 kwa jumla. Kuvu huanzia kwenye korosho iliyoanikwa chini na kufungwa mbichi. Ghafi ipokelewe ikiwa na unyevu usiozidi asilimia 10.

Iliyobanguliwa isizidi asilimia 5. Lakini ukikausha hadi 3 ili ngozi itoke upesi, ukafungasha hivyohivyo, inakatika: W320 (daraja la korosho nzima) inageuka vipande na bei inashuka. Iache ivute unyevu kidogo kwanza.

mbanguaji_msc:
Shukrani. Na kontena?

ghala_kuu:
La futi 20 hubeba maboksi 700 ya ratili 50, karibu tani 16. Tani zenu 40 za ghafi zitatoa 9 hivi, kama maboksi 390. Unganeni na kiwanda kingine, ila kila mmoja abaki na namba zake.

shamba_newala:
Au anzieni Kenya. Mzigo wa chini ya dola 2,000 unapita na cheti cha asili kilichorahisishwa cha Afrika Mashariki, pale pale mpakani. Mnajifunza makaratasi kwa mzigo mdogo.

Mkaguzi akija ataangalia maganda na mikono. Maganda yakichomwa ovyo hutoa moshi mkali kwa sababu ya mafuta yake. Yakamueni kwanza, makapi yawe kuni za boila. Mafuta hayohayo huunguza ngozi, kwa hiyo wabanguaji wapewe glovu. Kujipaka majivu mikononi peke yake hakutamridhisha.