Acheni kuwatungia historia maafisa wa Keya kwa kutazama medali tu

Wakuu, imetosha. Kila mara inaletwa hapa picha ya medali tatu zilizovikwa utepe mpya, jina la "kapteni wa Keya" (yaani King's African Rifles, KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki), na chini yake aya tano za ushujaa zisizo na hata namba moja ya faili. Watu wanapongeza, wananakili, na baada ya mwezi maneno yale yale yanarudi hapa yakiitwa chanzo. Huo ni uzushi, na una madhara nitakayoyataja mwishoni.

Kosa linaloudhi kuliko yote: "alipigana Tanga, Novemba 1914, akiwa batalioni ya 2 ya King's African Rifles." Batalioni ya 2 ilivunjwa mwaka 1911 na haikuundwa tena hadi 1916! Kikosi kilichoshuka Tanga kilitoka India, pamoja na batalioni ya Loyal North Lancashire. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza Keya ilikuwa na batalioni tatu tu, ya 1, ya 3 na ya 4. Kufikia 1918 zilikuwa 22, na hapo ndipo zilipozaliwa namba ambazo wengi mnazisoma kombo. 3/4 KAR maana yake ni batalioni ya tatu ya rejimenti ya nne. Haina uhusiano na "kikosi cha tatu na cha nne kwa pamoja", kama ilivyoandikwa humu zaidi ya mara moja. Ukiteleza hapo unamtafuta mtu katika shajara ya vita (kumbukumbu za kila siku) ya kikosi kingine kabisa, na tarehe zote unazoziandika baada ya hapo ni za watu wengine.

Halafu kuna medali ya Nyota ya 1914. Ile ilitolewa kwa waliohudumu Ufaransa na Ubelgiji kati ya Agosti na Novemba mwaka huo. Afisa aliyekuwa Voi au Kisumu wakati huo haimhusu. Kama aliingia uwanja wa vita kabla ya mwisho wa 1915, yake ni Nyota ya 1914-15, na hiyo jina limechapwa mgongoni. Medali ya fedha ya Vita na ile ya shaba ya Ushindi zina jina kwenye ukingo, lakini za maafisa wa jeshi la Uingereza kwa kawaida zina cheo na jina peke yake, bila rejimenti. Kwa hiyo "CAPT. J. SMITH" kwenye ukingo hakukuambii kwamba Smith huyo alikanyaga Afrika. Mnajua walikuwepo akina Smith wangapi?

Njia sahihi inaanza na karatasi. Kadi za medali ziko Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, mfululizo WO 372 (WO ni War Office, Wizara ya Vita), na orodha zenyewe za medali ni WO 329. Kadi inakupa uwanja wa vita alioingia kwanza na tarehe. Kwa walioingia kabla ya 1916, namba 4 ni Afrika. Nakala inayopakuliwa Kew ni ya upande wa mbele tu. Mgeuzieni kadi afisa wenu, maana kwenye tovuti ya Ancestry pande zote mbili zipo, na nyuma ndiko mara nyingi iliko anwani. Sababu ni kwamba askari wa kawaida wa Uingereza alitumiwa medali zake bila kuomba, ila afisa alipaswa kuomba mwenyewe, au ndugu zake waombe. Ndiyo maana kukosa medali si ushahidi kwamba hakupigana. Wengine hawakuomba kabisa.

Faili lake sasa. Kama aliacha jeshi kabla ya 1922, angalia WO 339 na WO 374. WO 374 imepangwa kwa majina na ina wengi wa jeshi la akiba la Territorial na waliopewa kamisheni za muda. Kwa WO 339 pitia kwanza faharasa ya WO 338 upate namba. Mafaili makuu ya maafisa yaliteketea kwa mabomu ya Wajerumani jijini London, Septemba 1940. Kilichobaki ni mafaili ya mawasiliano: ripoti za bodi za madaktari, madai ya fidia ya majeraha, ugomvi wa mishahara, barua za wajane. Msidharau bodi za madaktari. Mtu aliyerudishwa nyumbani kwa malaria mwezi Mei hawezi kuwa aliongoza kombania kwenye mapigano ya Mahiwa mwezi Oktoba mwaka huo huo, na karatasi moja ya daktari inabomoa aya zenu zote tano.

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Sehemu kubwa ya maafisa wa Keya walikuwa wa kuazimwa. Mtu alibaki na rejimenti yake ya Uingereza, akatumwa Afrika Mashariki kwa muda, na London Gazette, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, inamtaja chini ya rejimenti ile ya nyumbani. Ukitafuta "King's African Rifles" peke yake unatoka mikono mitupu, unaanza kulalamika kwamba nyaraka zimefichwa. Tafuta rejimenti mama katika Army List (orodha rasmi ya maafisa) ya mwezi husika, kisha rudi. Na kama alikuwa mlowezi aliyepewa kamisheni hapa hapa, fungua gazeti la serikali la East Africa Protectorate (Kenya ya leo), ambalo matoleo yake yanasomeka bure kwenye Google Books, na barua za Wizara ya Makoloni katika CO 534. Huyo kutokuwa na faili WO 339 si ajabu hata kidogo.

Nishani za ushujaa ndizo zinazochezewa zaidi. Msalaba wa MC (Military Cross) na DSO (Distinguished Service Order) za Vita vya Kwanza zilitolewa bila jina. Jina mnaloliona limechongwa na mwenyewe, na familia, au na muuzaji juzi. Ushahidi ni tangazo katika London Gazette. Halikuonekana? Basi hakuna MC hadi lionekane. Jani la mwaloni la kutajwa katika taarifa za kamanda linakaa kwenye utepe wa medali ya Ushindi, na ni moja tu hata kama alitajwa mara nne. Majani mawili maana yake mtu amepamba.

Za Vita vya Pili ni hatari zaidi, kwa sababu jeshi la Uingereza lilizitoa bila jina. Mtu yeyote anaweza kukusanya Nyota ya Afrika, ya Burma na Medali ya Vita ya 1939-45 kutoka wauzaji watatu na kuziita "seti ya meja fulani". Madagaska ya 1942, ambako Keya ilipigana, haimpi mtu Nyota ya Afrika. Abisinia na Somalia zinampa. Shajara za Afrika Mashariki ziko WO 169, za Madagaska WO 174, za Burma WO 172, na mapendekezo ya nishani WO 373. Mafaili binafsi yanahamishwa kwenda Kew kutoka Wizara ya Ulinzi tangu 2022. Ya mtu aliyezaliwa zaidi ya miaka 115 iliyopita yako wazi, mengine andaa cheti cha kifo.

Mnaonunua: medali ya fedha ya Vita vya Kwanza ina kipenyo cha milimita 36. Pima kwa kalipa, si rula. Ukingo uliopigwa tupa ili jina la zamani lifutike unapungua, na herufi mpya hukaa chini ya usawa. Na tafadhali acheni kuzisugua kwa dawa ya kung'arishia shaba. Mnafuta jina, yaani mnafuta kitu pekee kinachoiunganisha medali na binadamu.

Sasa madhara. Afisa ana kadi, faili, tangazo la gazeti na kaburi lenye jina. Askari aliyekuwa nyuma yake mara nyingi hana lolote. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba wafu wasiopungua 116,000, labda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na huenda baadhi hawakukumbukwa kabisa. Kwa familia nyingi za hapa kwetu njia iliyobaki ni kumfuata afisa: kombania gani, batalioni gani, shajara gani ya WO 95 (za Vita vya Kwanza), tarehe ipi walivuka Rovuma. Unapomtungia kapteni safari ambayo hakuifanya, unahamisha na askari wake wote. Mjukuu aliyeko Songea au Kakamega anafuata uongo wako hadi mahali ambapo babu yake hakuwahi kufika.

Anayefungua uzi mwingine wa afisa alete jina kamili, rejimenti mama, picha ya ukingo wa kila medali, pande zote mbili za kadi, na tarehe ya gazeti. Mods, usiokuwa na hivyo ufungwe.